Miaka miwili ya kusubiri: Azimio la Musoma na watu wanaorudi darasani

Mtajie kijana wa rika langu neno "Azimio" uone atakachokujibu. Arusha, 1967, ujamaa na kujitegemea, basi. Hilo tulikaririshwa tangu shule ya msingi. Mwambie sasa kwamba kuna Azimio la Musoma, atakutazama kama unamtania. Hata Musoma kwenyewe, mji ninaopita mara kwa mara nikienda na kurudi nyumbani Bunda, niliwahi kuwauliza watu waliokaa meza moja, wote na digrii zao, na jibu lililokaribia kidogo lilikuwa: "Si ndiyo ile ya UPE?"

Ndiyo, ni ile ya UPE. Lakini Azimio hilo lilikuwa na sehemu ya pili, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu inamhusu kila mtu aliyewahi kukaa nje ya shule miaka kadhaa halafu akajikuta tena mbele ya karatasi ya mtihani, kalamu mkononi, kichwa kimepoa.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Mwaka wenyewe ulikuwa mgumu kwelikweli. Ukame, chakula kinaagizwa nje, bei ya mafuta imepaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, na vijijini watu walikuwa wanahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, Mara ikiwemo. Katikati ya hayo yote wakubwa wakakaa kuzungumzia elimu, wakatoka na mambo mawili makubwa. La kwanza: kila mtoto wa umri wa kuanza shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Kabla ya hapo lengo hilo lilikuwa limepangwa kufikiwa 1989! Yaani walifuta miaka 12 kwa kikao kimoja. La pili: anayemaliza kidato cha sita hatakwenda tena chuo kikuu moja kwa moja. Atapitia JKT, kisha atafanya kazi angalau miaka miwili, na siku ya kuomba chuo atahitaji pamoja na cheti chake mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama pale anapofanya kazi.

Chini wakafungua mlango wote, juu wakaongeza urefu wa korido.

Kwa nini korido? Hapa inabidi turudi nyuma hadi tarehe 22 Oktoba 1966. Siku hiyo wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya JKT, ambayo pamoja na mengine yalitaka sehemu ya mshahara wao ikatwe katika kipindi cha kulitumikia taifa. Walikwenda hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Samuel Sitta, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge, 2005 hadi 2010. Wengi wao waliruhusiwa kurudi baadaye. Kwa hiyo, kama unataka kundi la kwanza maarufu la Watanzania waliokaa nje kwa lazima halafu wakarudi kwenye madawati ya Mlimani, ni hao.

Tangu siku ile swali halikumtoka Mwalimu kichwani: huyu kijana tunayemsomesha kwa jasho la mkulima wa pamba anatoka wapi na anakwenda wapi? Machi 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea. Musoma 1974 ilikuwa jibu kali zaidi. Kijana aende kwanza akaonje kazi, akae na watu, ndipo arudi kusoma akiwa anajua anasomea nini. Kwa maneno hayo tu, mimi ni mmoja wa wanaoona hoja ilikuwa na akili. Tuliosoma Mlimani tunawajua watu waliotoka kidato cha sita wakaingia kozi ambayo hawakuwahi kuifikiria hata siku moja, wakaishia kuhesabu sapu hadi wakadisko.

Sasa tumwangalie mtoa hoja mwenyewe. Njia aliyopita yeye ni mfano mzuri sana wa mtu aliyechelewa.

Julius alizaliwa Butiama 1922, akaanza shule 1934. Miaka 12! Leo mtoto wa umri huo anakaribia kumaliza shule ya msingi. Simulizi inayopendwa sana kwetu ni kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, upande wa Bunda, ndiye aliyeuona ujanja wa yule mtoto kwenye bao akamshauri Mzee Burito ampeleke shule. Akapelekwa Mwisenge, Musoma, kilometa zipatazo 40 kutoka nyumbani, akakaa bweni. Miezi michache tu baadaye akarushwa darasa. 1937 yuko Tabora, 1943 yuko Makerere, na kufikia 1946 ni mwalimu katika shule ya Mt. Maria, Tabora, ya mapadri.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa mada yetu. Cheti cha Makerere cha wakati ule kilikuwa cha ualimu, hakikuwa digrii. Kijana mwenye kazi, mwenye mshahara, mwenye heshima ya kuitwa Mwalimu, angeweza kabisa kutulia. Yeye, huku anafundisha baiolojia na Kiingereza mchana, na jioni anawafundisha bure watu wazima Kiingereza, akaanza kujiandaa kwa mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule, alikuwa akimsukuma aendelee. Akaufanya, akapata daraja la pili. Akaomba fedha za serikali ya kikoloni za kwenda kusoma Uingereza, akakosa. Akaomba tena, akapata. Aprili 1949 akasafiri, umri miaka 27.

Alipofika Scotland hawakumwambia "karibu, ingia". Alisoma kwanza kozi fupi ya kemia na fizikia, na akafaulu Kiingereza katika mtihani wa awali wa vyuo vikuu vya kule. Oktoba 1949 ndipo alipokubaliwa Edinburgh rasmi. 1952 akamaliza shahada yake. Hesabu mwenyewe: tangu Makerere hadi kuketi darasani kama mwanafunzi wa shahada ni miaka isiyopungua mitatu ya kazi, na mitihani ya kuingilia kama kawaida ya wote waliokaa nje.

Kwa hiyo mwaka 1974, Musoma, umbali mfupi tu kutoka kwenye bweni lake la kwanza, mtu huyu alipowaambia vijana wakafanye kazi kwanza, alikuwa anawaelekeza kwenye njia ambayo miguu yake inaijua. Fanya kazi, jiandae, fanya pepa, ingia chuo. Mbona yeye aliweza?

Mimi naona tatizo liko hapohapo. Yeye alikuwa mwalimu. Kila asubuhi alisimama mbele ya ubao. Alikuwa na maktaba ya mapadri, alikuwa na wenzake waliosoma, alikuwa na mkuu wa shule anayemuuliza maandalizi yamefika wapi. Kichwa chake hakikupata nafasi ya kupoa. Sasa mchukue kijana aliyemaliza kidato cha sita, masomo ya Fizikia, Kemia na Hesabu, akapangiwa ukarani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Anaandika magunia, anapima, anasaini. Jioni taa ya chemli. Kitabu cha hesabu alirudisha stoo ya shule siku ya kuondoka. Miaka miwili! Historia inaweza kukusubiri kidogo, hata fasihi. Hesabu haimsubiri mtu.

Na ndivyo ilivyotokea. Azimio lilitaja kwa makini miaka ya kufanya kazi na barua za kupeleka. Maandalizi ya kichwa katika ile miaka miwili liliyaacha mikononi mwa kijana mwenyewe. Wa kwanza kuumia walikuwa wasichana. Katika ile miaka miwili wengi waliolewa, wakazaa, na chuo kikasahaulika. Idadi yao Mlimani ikaporomoka kiasi kwamba 1976 serikali ikalegeza, wasichana wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Sayansi na uhandisi nako kukalegezwa, maana huwezi kumjenga mhandisi juu ya hesabu iliyoyeyuka. Miaka ya 1980 sharti lote likaondolewa. Likafa kimyakimya, bila hotuba.

Ile barua ya tawi la chama nayo ilikuwa na mambo yake. Mtihani una ubaya mwingi, lakini angalau haujui wewe ni mtoto wa nani na hukumsalimia nani. Barua ya "tabia njema" inaandikwa na mtu, na mtu ana mpwa wake.

Lakini nisimwonee Mwalimu na wenzake. Kulikuwa na mlango mwingine wazi, na huo ulidumu kuliko Azimio lenyewe: mtihani maalumu wa kujiunga Mlimani kwa watu wa umri mkubwa. Ulitakiwa uwe na miaka 25 au zaidi, uwe umekaa nje ya shule miaka kadhaa, halafu unafanya karatasi mbili, moja ya uelewa wa jumla na nyingine ya fani unayoitaka. Walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani, askari, maofisa ushirika, wengi wamepita hapo. Ukikutana na mzee mwenye digrii ya Dar es Salaam anayekwambia hakuwahi kuiona kidato cha tano, usimbishie.

Na kuna jambo ambalo serikali ile ililifanya vizuri kabisa, nalo lilianza kwa sababu ya sehemu ya kwanza ya Azimio. Ukisema watoto wote waingie darasani 1977, walimu utawatoa wapi? Vyuo havikutosha. Wakawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakawapeleka vijijini wafundishe saa chache kwa siku na wenyewe wajifunze ualimu hapohapo, miaka mitatu. Kati ya 1976 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliandikishwa zaidi ya 45,000, na karibu 38,000 wakafuzu. Hao ndio "walimu wa UPE" ambao mtaani wakatungiwa jina la "Ualimu Pasipo Elimu". Tulicheka sana na jina hilo, mpaka kizazi chetu kilipopata "Voda Fasta" wake.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao, katika kijiji kimoja upande wa Bunda. Namtaja kwa sababu kwake ndipo nilipoelewa maana ya kuandaliwa. Masomo yalimfikia kwa posta. Vipindi vilirushwa na Radio Tanzania, na kijijini walikuwa na redio moja ya kikundi, wanaizunguka na madaftari. Kulikuwa na mwalimu mzoefu aliyekaa nyuma ya darasa akimwangalia anavyofundisha, na mratibu aliyepita kwa baiskeli kukagua. Mwishoni wakakusanywa chuoni majuma machache, ndipo mtihani wa taifa. Alipokaa kwenye ule mtihani alikuwa amesukumwa, amesahihishwa, amekaripiwa miaka mitatu mfululizo. Hivi unaona tofauti yake na yule karani wa kiwanda cha pamba? Mmoja alikuwa na darasa la saba, mwingine kidato cha sita. Lakini aliyeshikwa mkono hadi mlangoni ni yule wa darasa la saba.

Mara tulikuwa na uzoefu wa haya mambo hata kabla. Kuanzia 1968, mradi wa majaribio wa kisomo wa UNESCO ulifanyika katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na Mara ilikuwa ndani. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vinavyozungumzia kazi zao wenyewe: pamba, ng'ombe, uvuvi. Kisha Agosti 1975, miezi tisa tu baada ya kikao cha Musoma, nchi nzima ikafanya mtihani wa kisomo. Zaidi ya watu milioni tano! Jaribu kupata picha: mzee wa Kizanaki au mama wa Kijita ambaye hajawahi kukanyaga darasa, amekaa chini ya mwembe, anafanya mtihani wa taifa. Takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1970 na wakashuka hadi 39 mwaka 1975. Unaweza kubishana na takwimu, na wapo waliobishana. Lakini lile tendo la kwenda kupimwa ukubwani bila aibu lilikuwa kitu kipya nchini.

Kosa kubwa la hesabu likabaki juu. Shule za msingi zilijaa: wanafunzi kama milioni 1.2 mwaka 1974, milioni 3.5 hivi kufikia 1983. Sekondari hazikuongezwa kwa kasi hiyo hata kidogo. Mamilioni wakamaliza darasa la saba, wakapewa cheti, wakaambiwa kwaheri. Umri miaka 14, 15, 16. Hao ndio wazazi na babu zetu wengi. Wakitaka kuendelea ilibidi watafute njia za pembeni: elimu kwa njia ya posta iliyoanzishwa 1972 chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ambao Baraza la Mitihani humtaka aufaulu mtu asiyepitia sekondari kabla hajaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Neno lenyewe, "wa kujitegemea". Mwalimu aliposema kujitegemea 1967 alimaanisha shule yenye shamba na taifa lisilo ombaomba. Kwenye fomu ya mtihani limekuja kumaanisha kwamba hakuna anayekutegemeza.

Pita Bunda mjini jioni, maeneo ya karibu na stendi, uone vituo vya tuisheni. Chumba cha duka, bati, benchi, ubao uliopauka. Ndani mmo kuna kijana wa bodaboda, kuna dada wa saluni, kuna mama ambaye asubuhi ulimwona akianika dagaa. Pasti pepa zimechapwa fotokopi hadi herufi zimechakaa. Mwalimu ni mhitimu anayesubiri ajira. Wanapiga msuli kwelikweli, wala sina dharau nao hata chembe. Ninachosema ni kwamba kila kitu pale, kuanzia chaki hadi ada ya mtihani, kinatoka kwenye mfuko wa mtu ambaye tangu mwanzo aliacha shule kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu.

Na kundi limeongezeka. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba msichana aliyepata mtoto hatarudi shule ya serikali akiwa madarakani yeye. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, ambaye zamani aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akatangaza kuwa sasa wanaruhusiwa kurudi. Safi sana. Kwa mkoa kama wetu, ambako ukeketaji na ndoa za utotoni vimewatoa mabinti wengi darasani, tangazo lile halikuwa dogo. Lakini binti aliyetoka kidato cha pili 2018 na mtoto mgongoni, akarudi miaka minne baadaye, anarudi na hesabu gani kichwani? Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imepewa kazi ya kuendesha njia mbadala kwa ajili yao, na hiyo ndiyo sehemu ya kuitazama kwa karibu kuliko tangazo lenyewe. Ruhusa ni karatasi moja. Kuandaliwa ni miaka.

Juu nako kumebadilika. Ule mtihani wa wenye umri mkubwa umeachia nafasi utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, na mtihani bado umo ndani yake. Chuo Kikuu Huria kilianza kazi 1993 na kina kituo chake Musoma. JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita, iliyositishwa 1994, ilirudishwa 2013. Butiama kwenyewe kumeanzishwa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Milango ipo, tena mingi kuliko 1974. Redio ya kikundi, mratibu wa baiskeli na yule mzoefu anayekaa nyuma ya darasa ndio sioni wako wapi.

Wasomaji wangu wengi mna mzazi, mjomba au shangazi aliyeingia Mlimani miaka ile kwa kupitia korido ya Musoma. Fanyeni kazi moja kwa niaba yangu. Muulizeni hiyo miaka miwili alikuwa wapi, nani alimwandikia ile barua, na vitabu vya kujiandalia alivipata kwa nani. Majibu nileteeni, hasa kutoka kwa akina mama walioingia kabla ya 1976.